Jina la Babu, Mabega ya Mjukuu: Safari ya Jr NTR

SALIM: Karibuni tena. Leo dada Mwanaidi ndiye mwenye mada, na ubishi umeanza hata kabla hatujawasha vinasa sauti.

MWANAIDI: Na utaendelea, kaka Salim. Tunamzungumzia Jr NTR, mwigizaji wa India. Wengi wetu huku tulimjua mwaka 2022 kwenye filamu ya RRR, akiwa na mwigizaji mwenzake Ram Charan, wakicheza ule wimbo wa Naatu Naatu. Sasa mimi nataka turudi nyuma ya hapo, kwa sababu huyu bwana alianguka mara mbili, na si kuanguka kwa kujikwaa. Kuna wakati watu wa sinema kule Hyderabad walikuwa wameshamfuta.

SALIM: Wenye kuangalia filamu kwenye vibanda umiza watakuwa wamemwona bila kumjua jina. Filamu ikishatafsiriwa Kiswahili, sote tunasema ni ya Kihindi, basi. Lakini huyu ni wa Kitelugu, majimbo ya Andhra Pradesh na Telangana, na kule wana kumbi zao, nyota zao na ushabiki wao ambao ukiuona unashangaa.

MWANAIDI: Ushabiki huo ndio unaotupeleka kwa babu yake. N. T. Rama Rao aliigiza filamu takribani 300. Aliigiza Krishna, akaigiza Rama, miungu ya Kihindu, mpaka watu wakatundika picha zake majumbani kama za miungu yenyewe. Machi 1982 akaanzisha chama cha Telugu Desam, na Januari 1983 ni waziri kiongozi wa jimbo. Hata mwaka haukuisha! Kampeni aliifanya kwa gari lililoitwa Chaitanya Ratham, akizunguka vijiji kwa vijiji, na aliyeshika usukani alikuwa mwanawe, Harikrishna. Huyo ndiye baba yake Jr NTR.

SALIM: Na mtoto alipozaliwa, Mei 1983, aliitwa Tarak. Ni babu aliyeamua baadaye abebe jina lake lote, Nandamuri Taraka Rama Rao.

MWANAIDI: Ndiyo hoja yangu ya leo. Jina lile lilimpandisha, na jina lile lile ndilo lililomwangusha. Mtoto amefundishwa dansi ya Kuchipudi tangu mdogo. Akaigiza Rama kwenye Ramayanam, filamu ambayo waigizaji wake wote ni watoto, ikapata tuzo ya taifa ya India ya filamu bora ya watoto. Kwa hiyo kipaji kilikuwepo, hakuna wa kukikataa. Mwaka 2001 akafanya Student No. 1 na mwongozaji ambaye hiyo ndiyo filamu yake ya kwanza, S. S. Rajamouli. Mwaka 2002 ikaja Aadi. Ana miaka 18, anaigiza kijana anayelipiza kisasi cha wazazi wake kwenye ugomvi wa koo za Rayalaseema, eneo la Andhra Pradesh, anatoa maneno ambayo ungetarajia yatoke kwa mzee wa miaka 45. Julai 2003, Simhadri, tena na Rajamouli. Hapo kijana wa miaka 20 amekwisha kuwa steringi mkubwa kuliko umri wake.

SALIM: Simhadri ilivuma kweli kweli.

MWANAIDI: Ilivuma kupita kiasi. Filamu iliyofuata ni Andhrawala, ya mwongozaji Puri Jagannadh. Uzinduzi wa nyimbo zake waliufanyia Nimmakuru, kijiji alichozaliwa babu. Reli zikaweka treni maalum za kubeba mashabiki! Treni, kaka Salim, kwa ajili ya kwenda kusikiliza nyimbo. Watu hawakwenda kumwona kijana wa miaka 20, walikwenda kumwona babu amerudi. Filamu ikatoka tarehe 1 Januari 2004, ikabuma. Na baada ya hapo ni msururu: Samba, Naa Alludu, Narasimhudu, Ashok. Karibu miaka mitatu hakuna kinachoshika.

SALIM: Hapo sasa ndipo tunapoachana, dada yangu. Mzigo wa jina naukubali. Lakini nimezirudia filamu zile. Ni hadithi moja imevalishwa mashati tofauti. Kijana ana hasira, ana panga, anahutubia dakika tatu, magari yanaruka. Hakuna babu aliyemlazimisha kukubali hadithi zile. Watayarishaji walikuja na fedha, akasema ndiyo. Na mwili pia ulikuwa umemlemea, mtu aliyelelewa kwenye dansi akawa anaonekana mzito.

MWANAIDI: Lakini nani anamwandikia hadithi hizo? Ni watu walioangalia Nimmakuru wakaona fedha. Tuelewe biashara yao inavyokwenda. Soko lao limegawanywa maeneo. Msambazaji wa eneo la Nizam, msambazaji wa Ceded, wa Andhra, kila mmoja ananunua haki za eneo lake kabla filamu haijatoka. Amelipa kwa kuangalia jina. Ikibuma, mtayarishaji anaweza kuwa salama na msambazaji ndiye anayeungua. Kwa hiyo wanadai kitu wanachodhani hakina hatari, yaani Simhadri nyingine, na nyingine tena. Kijana wa miaka 21 atasimama mbele ya wazee wale aseme hapana?

SALIM: Mbona aliyemwinua alikuwa mtu mmoja tu? Rajamouli alimwambia kwa ajili ya Yamadonga apunguze mwili. Akapungua mpaka watu hawakumtambua. Filamu ikatoka 2007, mwizi anakufa anakwenda kubishana na Yama, mungu wa kifo, kwenye himaya yake. Ikafanya vizuri sana. Kwangu mimi huo ni ushahidi kwamba lililohitajika ni mtu wa kumwambia ukweli, na yeye kukubali.

MWANAIDI: Na hadithi yenyewe ni ya aina ile ile aliyoifanya babu yake mwaka 1977, Yamagola, ya kwenda kwa mungu wa kifo. Tofauti ni kwamba safari hii mjukuu anachekesha, anacheza, anajiachia. Hakuja kuigiza utukufu.

SALIM: Naikubali hiyo.

MWANAIDI: Halafu siasa ikaja kumvuta. Mwaka 2009 akaingia barabarani kukifanyia kampeni chama cha babu. Tarehe 26 Machi, wakirudi Hyderabad usiku, gari likapata ajali karibu na Suryapet, akaumia. Chama chenyewe uchaguzi kikashindwa. Akarudi kwenye sinema, mwaka 2010 ukawa mzuri, Adhurs na Brindavanam. Nikisema mzuri, Adhurs ile aliyoigiza mapacha, mmoja kuhani mchekeshaji, mpaka leo inarudiwa kwenye televisheni zao.

SALIM: Na hapo ndipo kuanguka kwa pili. Sakthi, Aprili 2011. Fedha nyingi sana zimemwagwa, hekaya za kale, mapigano, kila kitu. Ikaanguka vibaya, na wasambazaji wakaumia. Kuanzia hapo mpaka 2014 ni kupanda kidogo na kushuka sana. Baadshah ilimpa pumzi mwaka 2013, lakini Ramayya Vasthavayya mwaka huo huo na Rabhasa mwaka uliofuata zikamrudisha chini. Kipindi hiki kinaniuma kuliko cha kwanza, kwa sababu si mtoto tena. Ana miaka 31, ameshaumia mara moja na kupona, anajua.

MWANAIDI: Desemba 2014 familia ikampoteza kaka yake, Janaki Ram, kwa ajali ya barabarani. Filamu ya Temper ilitoka miezi miwili tu baadaye, Februari 2015.

SALIM: Naomba niichukue mimi Temper.

MWANAIDI: Chukua.

SALIM: Mwongozaji wa Temper ni Puri Jagannadh. Yule yule wa Andhrawala! Miaka 11 baadaye watu wawili waliobuma pamoja wamekutana tena, na safari hii Puri anatumia hadithi iliyoandikwa na mtu mwingine, Vakkantham Vamsi. Jr NTR anaigiza askari polisi aliyeoza. Anakula rushwa, anamtumikia tajiri mhalifu wa mji, hana haya. Nusu nzima ya kwanza hupati sababu ya kumpenda. Na angalia mwili wake mle ndani, mwembamba, misuli imekazana, anatembea kama mtu asiyeogopa kuchukiwa. Mtu ambaye mashabiki walikuwa wakimwabudu kwa jina la babu amekubali kuigiza mtu mchafu. Kesi ya ubakaji ndiyo inamgeuza taratibu, mpaka ile sehemu ya mahakamani ambayo sitaisimulia hapa kwa heshima ya ambao hawajaiona.

MWANAIDI: Sasa si umenisaidia hoja yangu? Alipoacha kuwa babu, akainuka.

SALIM: Alipopata hadithi nzuri, akainuka. Lakini nitakupa nusu.

MWANAIDI: Nusu sitaki, maana nina Jai Lava Kusa. Mwaka 2017, iliyotayarishwa na kaka yake, Kalyan Ram. Anaigiza ndugu watatu waliozaliwa pamoja. Mkubwa, Jai, ana kigugumizi. Utotoni wanalelewa kwenye kundi la maigizo, na kwa sababu hawezi kutamka vizuri, wadogo zake wanapewa nafasi za jukwaani na yeye anasukumwa pembeni, anachekwa. Anakua akimwabudu Ravana, yule mfalme wa mashetani, adui wa Rama. Umemwona akitamka sentensi moja pale? Taya linakaza, jicho linacheza, neno linakwama, na wewe unayemwangalia unaanza kuogopa kwa sababu unajua hasira yote imebaki nyuma ya lile neno lililokwama. Sasa kumbuka babu yake alisifika kwa kumwigiza Ravana. Mjukuu naye kamchukua Ravana, ila kwa kinywa ambacho hakiwezi kuhutubia. Sifa kubwa ya familia nzima ile ni kuhutubia, kwenye filamu na kwenye siasa, na yeye kaiondoa akabaki na uso. Kwangu mimi ile ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote, RRR ikiwemo.

SALIM: RRR ikiwemo? Hapana. Hapo watu watatuandikia.

MWANAIDI: Waandike.

SALIM: Kabla ya RRR tusiruke Agosti 2018. Harikrishna, yule dereva wa Chaitanya Ratham, akafariki kwa ajali ya gari wilaya ya Nalgonda, wilaya ile ile alikofia Janaki Ram. Jr NTR alikuwa katikati ya kupiga filamu ya Aravinda Sametha, ambayo inaanza na kijana anayeuliwa baba yake. Alirudi kazini baada ya siku chache, na filamu ikatoka Oktoba kama ilivyopangwa. Kwenye hafla ya kuitangaza alilia mbele ya watu. Ndiyo maana kwenye mikutano yake na mashabiki huwa anawasihi waendeshe taratibu, wafike nyumbani. Familia imezika baba na mwana kwa barabara.

MWANAIDI: Mungu awape subira. Haya, RRR.

SALIM: Baada ya Oktoba 2018, mpaka Machi 2022 hana filamu mpya kwenye kumbi. Korona, ahirisha, ahirisha tena. Miaka hiyo yote ameiweka kwa Rajamouli. Ikatoka, ikaingiza zaidi ya rupia bilioni 12, Japani ikapendwa ajabu, na Naatu Naatu ikachukua Golden Globe na kisha Oscar, Machi 2023. Ule wimbo walipiga Kyiv, mbele ya kasri la Mariinskyi, mwaka 2021, miezi michache kabla vita haijaingia mjini pale. Lakini mimi sikuletei dansi. Nakuletea pale anapofungwa minyororo mbele ya umati, anachapwa mjeledi wenye miiba, wanataka apige magoti, na yeye anaimba. Bheem anayemwigiza ni mtu wa msituni, mpole, mwenye imani na rafiki aliyemsaliti. Angalia magoti yake yanavyotetemeka yakikataa kukunjika. Kama unataka mwigizaji aliyeuacha ufalme, yuko pale.

MWANAIDI: Ni kweli, na sitakubishia pale. Nitabishia yaliyofuata. Kule kwao kuna imani kwamba steringi akitoka kwa Rajamouli, filamu inayofuata inabuma. Kwake yeye ilikuwa imemtokea mara tatu: baada ya Student No. 1, baada ya Simhadri, na baada ya Yamadonga. Kwa hiyo Devara ilipotoka Septemba 2024, baba na mwana, bahari, wasafirisha magendo, watu walishika roho. Ikaingiza fedha nzuri.

SALIM: Fedha ndiyo, ila hadithi ilichechemea nusu ya pili. Halafu War 2, Agosti 2025, filamu yake ya kwanza ya Kihindi chenyewe, akiwa na nyota wa Bollywood, Hrithik Roshan. Haikufikia matarajio, Hindi wala Telugu. Na mimi naona kosa ni lile lile la 2004. Amepewa misuli na mapigano, hakupewa mtu wa kuigiza.

MWANAIDI: Sasa yuko na mwongozaji Prashanth Neel, aliyefanya filamu za KGF na Salaar. Hapo nina wasiwasi kidogo, maana Neel naye anapenda mashujaa wanaotembea polepole kwenye moshi.

SALIM: Akimpa ukimya mzuri, mimi sina shida na moshi.

MWANAIDI: Kwa msikilizaji anayetaka kuanza, mimi nasema Jai Lava Kusa, halafu arudi Adhurs apate kucheka.

SALIM: Mimi nasema Temper kwanza. Na mwenye uvumilivu aiangalie siku moja na Andhrawala, aanze na ya 2004. Mwongozaji mmoja, mwigizaji mmoja, atuandikie ameona nini kimebadilika, tutayasoma wiki ijayo.