Usiniulize Ina Maana Gani

Mhadhara uliotolewa Arusha na mwalimu mstaafu wa sanaa, kama ulivyosemwa

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo. Mkiona napaza sauti ni kwa ajili ya hii mvua kwenye bati. Sijakasirika. Bado.

Najua wengine humu wameshanisikia mara tatu, nne. Yule mama pale mbele anacheka, anajua kinachofuata. Ndiyo mama, leo ni yale yale, sanaa ya maandishi yasiyosomeka, na naanza na ile bahasha. Vumilia tena.

Nilikuwa bado nafundisha. Siku moja nikapita posta pale karibu na Mnara wa Saa, nikafungua sanduku langu. Kwa faida ya vijana: sanduku la posta ni kile kijumba cha chuma chenye namba na kufuli, unakwenda mwenyewe kwa miguu kuona kama kuna aliyekukumbuka. Siku hiyo nilikuta ankara ya maji, kadi mbili za michango ya harusi, na bahasha ya kaki. Jina langu limepigwa taipu. Nyuma hakuna jina la mtumaji. Muhuri umefifia kiasi kwamba huwezi kujua umepigwa wapi. Ndani mna karatasi moja, imeandikwa kwa mkono, wino mweusi. Juu kulia, pale tunapoweka anwani, pana mistari mitatu mifupi. Pana salamu. Pana aya tatu, zimeingizwa ndani vizuri kama tulivyofundishwa. Chini pana saini. Na hakuna neno hata moja.

Sisemi ilikuwa lugha ya kigeni. Nasema hapakuwa na herufi. Mwandiko mtupu, unapanda, unashuka, unajikunja, unaruka nafasi, unaendelea.

Nikaipeleka ofisi ya walimu. Ustadhi akasema si Kiarabu. Mwenzetu mmoja aliyesoma Urusi akasema si Kirusi, kisha akaongeza kwamba hata kama kingekuwa Kirusi amekisahau. Nikapita duka la dawa, nikijua wale ndugu wanasoma miandiko ya madaktari iliyowashinda malaika. Kijana akaishika, akakunja uso, akasema, "Mzee, hii ni dawa ya minyoo, ila dozi hii mimi siipendi." Jirani akashauri niichome pamoja na chumvi ya mawe, tena kabla jua halijazama. Mke wangu akaitazama kwa muda mrefu kuliko wote. Akauliza swali moja tu: "Huu mwandiko wa mwanamke ni wa nani?"

Wiki ile tulikuwa na mama mkubwa nyumbani, ameshuka kutoka Kibosho kwa ajili ya miguu yake. Mama mkubwa alikuwa hajui kusoma. Mwaka 1970, Mwalimu Nyerere alipoutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na ngumbaru ikaanza kila kijiji, yeye alikwenda jioni mbili akaacha. Alisema hawezi kufundishwa *a e i o u* na mtoto ambaye juzi tu amemkamata akiiba ndizi zake. Basi alikuwa anachambua maharage. Akaomba ile karatasi, akajifuta mikono kwenye kanga, akaipokea. Akaigeuza juu chini, akairudisha ilivyokuwa. Akaanza kupitisha kidole.

"Hapa mwanzo ana aibu," akasema. "Hapa amechangamka, anakimbia, hata wino ukimwishia hajali. Hapa ameitwa. Ameondoka. Aliporudi hakuwa yule yule." Nikamuuliza, "Na hapa mwisho, mama, amekasirika?" Akasema, "Hapana. Amechoka, anataka kulala."

Nikachukua miwani. Mstari wa kumi na moja, wino ni mwingine! Mweusi, lakini mweusi mwingine, na kalamu imekandamizwa zaidi. Kweli mtu aliondoka akarudi. Mimi mwalimu wa sanaa, ustadhi, mtu wa Urusi na mtu wa dawa, wote tuna vyeti vimewekwa kwenye fremu ukutani, hakuna aliyeona. Tulikuwa tunatafuta maneno.

Nikamuuliza amejuaje. Akaniambia mumewe alifanya kazi Mombasa miaka mingi, na kila barua ilisomwa na mtoto wa shule aliyepatikana njiani. Watoto wanaruka mistari, wanaona haya, wengine wanaongeza ya kwao. Kwa hiyo alijifunza kuutazama mwandiko wenyewe kwanza. "Mtoto hajafungua kinywa," akasema, "mimi nimeshajua kama anatuma hela au anaomba."

Nikiwa na miaka ishirini ya kufundisha kuchora, hilo ndilo somo langu la kwanza la kutazama. Hoja yangu ya leo, ya jana na ya kesho ni hiyo hiyo: kujua kusoma kumetuziba macho. Ukishajua kwamba ule mkunjo ni *m*, huuoni tena mkunjo. Unapita juu yake kama unavyopita barabara ya kwenda kazini. Anayekuandikia barua isiyosomeka anakusimamisha hapo hapo barabarani.

Jambo hili lina jina. Maandishi asemiki, yaani yasiyobeba alama ya neno lolote. Jina lenyewe lilienea mwishoni mwa miaka ya 1990 kupitia washairi wawili, Tim Gaze wa Australia na Jim Leftwich wa Marekani. Kazi yenyewe ni kongwe kuliko jina. Henri Michaux, mshairi na mchoraji mzaliwa wa Ubelgiji, alikuwa anachora alfabeti zisizokuwepo tangu miaka ya 1920. Na desturi ya kutumia posta kama ukumbi wa maonyesho inamrudia sana Ray Johnson wa New York, ambaye tangu miaka ya 1950 alikuwa anatuma vipande vya picha kwa watu, akikuagiza uongeze kitu halafu umpelekee mtu mwingine. Sanaa hiyo ya posta haiuzwi, haina majaji, na hairudishwi. Mjapani On Kawara, kuanzia 1968 hadi 1979, alikuwa anatuma postikadi mbili kila siku zenye muhuri wa saa aliyoamka. Basi. Nimeamka saa fulani. Mama mkubwa angempenda sana yule bwana.

Sasa, kila mara nikifika hapa kuna mtu ananyoosha mkono na kusema, "Mwalimu, huu si uzungu?" Namjibu kabla hajanyoosha. Pwani yetu kuna kombe. Aya inaandikwa kwa zafarani kwenye sahani, inaoshwa kwa maji, mgonjwa anakunywa. Niambieni, nani amesoma? Maandishi yamefanya kazi yake yakiwa tumboni. Sisemi kombe ni asemiki, yale ni maneno matakatifu na yanajulikana. Msije mkaninukuu vibaya Ijumaa. Nasema tu kwamba hapa kwetu maandishi hayajawahi kuwa ya macho na akili peke yake. Tena kuna barua za Kilwa za kuanzia mwaka 1711, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, zimehifadhiwa Goa. Nikiwaletea nakala hapa, wengi wenu mtaona mawimbi na nukta. Lugha yenu wenyewe, babu zenu wenyewe, mnaitazama kama ile bahasha yangu.

Na kuna Ibrahim El-Salahi wa Sudan. Huyu alisoma uchoraji London, akarudi Khartoum mwaka 1957 na picha zake nzuri, akafungua maonyesho. Watu wakaja siku ya ufunguzi kunywa soda, baadaye hakuna aliyerudi. Akajiuliza kosa liko wapi. Akaanza kuweka maandishi madogo ya Kiarabu pembeni mwa picha, watu wakasogea kidogo. Akayatandaza, wakasogea zaidi. Mwishoni akazivunja herufi zenyewe, na kutoka kwenye vipande vyake zikatoka sura za watu, wanyama, mimea. Sasa mniambie huo uzungu uko wapi. Mzungu ndiye aliyechelewa.

Swali la pili huwa ni la baba mwenye mtoto wa chekechea. "Basi na wa kwangu ni msanii, ukuta mzima kaandika hivyo hivyo." Ndiyo, baba, mwache aendelee. Ila jaribu wewe leo usiku. Chukua karatasi ujaze mistari ishirini isiyo na herufi hata moja, na bado ionekane ni barua. Mstari wa tatu utakuta umeandika *n*. Wa tano umeandika jina lako. Mkono umeshafungwa kamba. Xu Bing wa China alichonga kwenye mbao kwa mkono herufi zipatazo 4,000, zote zinafanana na Kichina na hakuna hata moja iliyo ya kweli. Alianza 1987, kazi ikamchukua miaka. Hiyo si michoro ya mtoto. Hapo mtu amepigana na mkono wake.

La tatu, na naona mwenyekiti ananionyesha saa, ni kwamba eti kitu kisicho na maneno hakiwezi kusema kitu. Mirtha Dermisache wa Argentina alitengeneza gazeti zima mwaka 1972, lina safu, lina vichwa vya habari, halina neno. Mwaka ule, Agosti, wafungwa wa kisiasa 16 waliuawa kule Trelew. Mwenyewe alieleza kwamba safu moja ya ukurasa wa mwisho iliwahusu hao. Nenda kaitazame. Na tawala za kijeshi za kule Amerika Kusini hazikudharau mambo haya. Clemente Padín wa Uruguay alikamatwa 1977 kwa sanaa yake ya posta, akakaa ndani hadi 1979. Paulo Bruscky alipanga maonyesho ya sanaa hiyo ndani ya jengo la posta la Recife, Brazili, mwaka 1976, polisi wakayafunga. Hebu fikirieni askari amepewa kazi ya kusoma barua zisizosomeka! Nilitaka kuwaeleza habari yao kwa kirefu, lakini ile bahasha imekula dakika zote, kama kawaida yake.

Nilikuwa pia na la kusema kuhusu simu. Naliacha, mnalijua.

Ila hili siliachi. Umoja wa Posta wa Afrika makao yake makuu ni hapa hapa Arusha, tangu 1980, na mwaka 2023 jengo lao jipya limezinduliwa, refu, mnalipita kila siku mkiwa kwenye kifodi. Nani humu amepokea barua ya mkono mwaka huu? Si notisi. Barua. Naona mkono mmoja. Ni yule mama, na barua ile anajua imetoka wapi.

Hapana mama, sikukuandikia mimi. Mimi huwa sikiri.

Pale mlangoni kuna bahasha arobaini, stempu nimeshabandika kwa pensheni yangu. Kuna karatasi, na kalamu za wino, tafadhali zirudi. Chukua moja, jaza ukurasa, andika juu namba ya sanduku la mtu unayemjua, au la mtu usiyemjua kabisa. Nyuma usiweke jina. Akikuuliza kama ni wewe, mwangalie usoni, mpe pole na mvua.

Na kijana kule nyuma mwenye koti la buluu, nakuona mkono wako tangu mwanzo. Kama ni lile swali, ushushe.