Mikono Imekauka Mpaka Inapasuka? Maji Kwanza, Mafuta Yafuate

Karibuni tena. Leo kazi yetu ni mikono: ile iliyopauka, ikakakamaa, mwisho ikaanza kuchanika kwenye viungo vya vidole na pembeni mwa kidole gumba. Mimi niko Njombe, na huku kuanzia Juni mpaka Agosti baridi haina utani. Ukitia mkono kwenye ndoo asubuhi unapata ganzi. Lakini hata wewe uliyeko Dar es Salaam au Mombasa, kama unafua kila siku, unaosha vyombo vya mgahawa, unasuka watu saluni au unachanganya zege, kaa hapo, haya yanakuhusu.

Andaa beseni dogo, sabuni ya kuogea isiyo kali, taulo laini, mafuta ya mgando yasiyo na manukato, jozi ya soksi kuukuu za pamba zilizofuliwa vizuri, na glovu za mpira za kufulia. Mafuta ya bei kubwa hayahitajiki. Yale ya kopo la kawaida la dukani yanatosha kabisa, na ukiniuliza mimi, kwa nyufa yanashinda losheni nyingi zinazonukia vizuri. Manukato yenyewe ndiyo huwasha ngozi iliyochanika.

Haya, hatua ya kwanza: itazame mikono yako penye mwanga. Nasogeza kamera. Unaona hapa mgongoni mwa mkono nikipitisha ukucha taratibu, unabaki mstari mweupe? Hiyo ni ngozi kavu, bado haijapasuka. Ukiiacha, sehemu zinazokunjwa mara kwa mara ndizo zinazotangulia kuchanika. Sasa angalia pembeni mwa kidole gumba, kile kimstari chembamba cheusi. Huo tayari ni ufa, na weusi wake ni uchafu ulioingia ndani. Kwenye ngozi zetu nyeusi usisubiri kuona wekundu, mara nyingi hauonekani. Tafuta rangi ya kijivu, au sehemu iliyoiva weusi kuliko jirani yake, au inayong'aa na kukaza.

Na vua pete. Hapa chini ya pete ndipo povu la sabuni hujificha, linakauka humo humo, kesho linalowa tena. Watu wengi mwasho wao unaanzia hapa, kisha wanadhani ni mzio wa madini ya pete. Wakati mwingine ni mzio kweli, lakini kwanza anza kuivua kila unapofua na kuosha vyombo, uone.

Hatua ya pili ni kuosha. Maji yawe vuguvugu, yale ambayo ungemwogeshea mtoto mchanga. Najua baridi ikikaza mtu anatamani maji ya moto sana, raha yake ni ya dakika mbili, halafu ngozi inabaki imekauka zaidi kwa sababu maji ya moto yanaondoka na mafuta yake ya asili. Sabuni iwe ya kuogea, tena kidogo. Sabuni ya mche na sabuni ya unga zimetengenezwa kwa makusudi zing'oe mafuta kwenye nguo, na zikifika mkononi hazijui hili ni shati na hii ni ngozi. Ngozi yenye afya ina uasidi kidogo: pH yake, yaani kipimo cha uasidi ambacho chini ya 7 ni asidi na juu ya 7 ni kinyume chake, inazunguka 5, wakati sabuni nyingi za kipande zina pH ya 9 au 10. Ngozi nzima inajirudi yenyewe baada ya muda, ila kama unaosha kila baada ya nusu saa haipati nafasi ya kujirudi.

Suuza vizuri, hasa katikati ya vidole.

Hatua ya tatu ndiyo yenyewe, na ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo twende taratibu. Kama mikono imekauka sana, usiku iloweke kwenye maji matupu ya vuguvugu kwa dakika 10. Usitie sabuni, chumvi, siki wala limau. Ukiitoa, usiisugue na taulo. Igandamize tu hivi, ipanguse mpaka isidondoshe maji lakini ibaki na unyevu. Umeona? Bado inang'aa maji. Sasa hapo hapo, kabla dakika tatu hazijaisha, chota mafuta ya mgando kiasi cha harage moja, yayeyushe katikati ya viganja, kisha anza na migongo ya mikono. Viganja viache vya mwisho, vitapata tu.

Kwa nini lazima mkono uwe na unyevu? Kwa sababu mafuta ya mgando hayana maji hata tone moja. Kazi yake ni kuzuia maji yaliyomo kwenye ngozi yasitoroke. Ni mfuniko, na ukifunika sufuria tupu hutapata supu. Ndiyo maana mtu anapaka mafuta kutwa nzima juu ya ngozi kavu, anang'aa, na nyufa zipo pale pale. Kabla hujabadilisha kopo, badilisha muda wa kupaka.

Wale wa pwani watauliza mafuta ya nazi. Yanafaa, ila ni mepesi, yanaisha haraka mkononi, kwa hiyo yapake mara nyingi zaidi. Yafaa pia ya alizeti ambayo hayajachanganywa na kitu. Na glisirini, ambayo bibi zetu waliichanganya na maji ya waridi, ni nzuri sana kwa sababu yenyewe inavuta maji. Usiipake tupu. Changanya kijiko kimoja cha glisirini na vijiko viwili vya maji yaliyochemshwa yakapoa, tengeneza kidogo cha kutumia siku hiyo, maana mchanganyiko wenye maji unaharibika. Paka, kisha juu yake weka mafuta ya mgando. Ukipata duka la dawa lenye krimu ya yurea ya asilimia 10, hiyo inalainisha ngozi ngumu vizuri, ila ikiingia kwenye ufa uliofunguka inachoma. Ngoja ufa ufunge kwanza.

Sasa nyufa zilizofunguka, zile ambazo ukishika chumvi unaruka. Safisha kwa maji safi na sabuni kidogo, suuza, kausha kwa kugandamiza. Usipake spiriti, inakausha na kuchelewesha kupona. Jaza mafuta ya mgando ndani ya ufa wenyewe, hivi, kwa ncha ya kidole safi au kijiti cha pamba, kisha funga plasta. Nakuonyesha kwenye kidole gumba: plasta ipite kukatisha ufa ili kingo zake zikutane, isiwe imekazwa mpaka ncha ya kidole ikafa ganzi. Ibadilishe kila inapolowa. Plasta iliyolowa maji ya kufulia ikaachwa kutwa nzima ni mbaya kuliko kukaa bila plasta.

Usiku, ukishapaka kwa wingi, vaa soksi za pamba mikononi ulale nazo. Ndiyo, mwenzi wako atacheka, mwache acheke. Soksi inashikilia mafuta yasiishie kwenye shuka. Baada ya usiku kadhaa mfululizo ngozi inaanza kulegea, na nyufa ndogo zinaziba.

Halafu asubuhi unaenda kufua, na kila kitu kinarudi nyuma. Kwa hiyo tuzungumzie beseni la kufulia, maana hapo ndipo vita ilipo.

Glovu za mpira nunua zilizopwaya kidogo, si za kubana. Ndani yake vaa glovu nyembamba za pamba, au kata soksi kuukuu itoe nafasi ya kidole gumba. Mpira ukigusana na mkono wenye jasho kwa muda mrefu nao unawasha, kwa hiyo kila baada ya kama dakika 20 zivue, pumzisha mikono. Ikitoboka kidole kimoja, itupe. Glovu yenye tundu inakusanya maji ya sabuni ndani na kukaa nayo, heri mkono mtupu. Ukimaliza, igeuze nje ndani, uianike kivulini.

Huna glovu? Yeyusha sabuni ya unga kwanza kwa kijiti kabla ya kutia mkono, usishike unga mkavu kwa ngozi iliyolowa. Loweka nguo mapema ili usikwangue muda mrefu. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe isiguse ngozi kabisa. Ukimaliza suuza mikono kwa maji matupu, kisha mafuta. Weka kopo dogo pale pale kwenye kamba ya kuanikia, kwa sababu likiwa chumbani hutalifuata.

Wapishi, ninyi angalieni ncha za vidole. Kama zinazopasuka ni ncha za vidole vitatu vya mkono ule unaoshikilia kitunguu au kitunguu saumu wakati wa kukata, basi mtuhumiwa mmempata. Pumzisheni vidole hivyo, au mvae glovu wakati wa kumenya.

Mafundi wa saruji, yenu ni nzito zaidi. Saruji mbichi ni kali sana, pH yake inapita 12, na ikikaa kwenye ngozi inaweza kuiunguza bila kuuma mwanzoni. Zaidi ya hapo ina kromu, aina ya madini, ambayo huwapa baadhi ya mafundi mzio wa kudumu. Zege likiingia ndani ya glovu, vua saa hiyo hiyo, nawa kwa maji mengi. Usisubiri mapumziko ya chakula.

Na sisi wa nyanda za juu tuna ugonjwa wetu: kuota moto. Mikono imetoka kwenye maji, inaelekezwa jikoni juu ya mkaa mpaka inakauka kabisa. Pangusa kwanza, paka mafuta, ndipo usogelee jiko, tena kwa mbali.

Kuna video nyingi zinazosema sugua na limau na sukari. Kwenye ngozi iliyochanika sukari inaongeza michubuko, na limau, mbali na kuchoma, ukitoka nalo juani linaweza kukuachia malengelenge na madoa meusi yanayokaa wiki nyingi. Limau libaki kwenye samaki.

Lini uache haya ya nyumbani uende kituo cha afya? Ukiona usaha, uvimbe wenye joto, maumivu yanayopanda mkononi au homa, nenda leo. Mwenye kisukari asingoje hata hapo, ufa wowote usiofunga uonyeshe mapema. Malengelenge madogo yanayowasha pembeni mwa vidole yanaweza kuwa pumu ya ngozi. Na kama ni mkono mmoja tu unaobanduka unga unga, huku mguuni nako kuna ukavu au muwasho katikati ya vidole, inawezekana ni fangasi, na hapo mafuta hayatasaidia. Tafadhali usichukue ile tyubu ya jirani inayotibu kila kitu. Nyingi zina steroidi, dawa ya kutuliza mwasho na uvimbe isiyoua fangasi. Fangasi ikipakwa steroidi inatulia wiki moja, halafu inasambaa ikiwa imebadilika sura, na daktari anapata kazi kuitambua. Ukifuata hatua zote kwa wiki mbili bila nafuu, nenda pia. Moshi, pale hospitali ya rufaa ya KCMC, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, na wataalamu wake wengi wamesambaa hospitali mbalimbali, kwa hiyo uliza hospitali ya mkoa wako kama kuna kliniki ya ngozi na siku zake.

Ukiniandikia swali, taja kazi unayofanya, sabuni unayotumia, na kama ni mkono mmoja au yote miwili. Bila hayo nitakuwa nabahatisha tu.