Wakwe zangu wa kwenye makaa ya mawe: naongea nikiwa Mbagala

Haya jamani, habari zenu. Karibuni tena kwenye chaneli. Leo sipo Beckley kule Marekani, nipo nyumbani kwa mama, Mbagala, kwa hiyo mkisikia honi za bajaji na jirani anayepiga singeli tangu asubuhi, nivumilieni, siwezi kwenda kumzimia mtu redio kwake. Umeme upo, bando lipo, tuendelee.

Komenti zenu ndizo zilizonikalisha hapa. Kila nikiweka video ya kwa wakwe kule West Virginia, lazima atokee mtu: "Dada, hiyo ni Marekani kweli? Mbona nyumba zimechoka hivyo?" Mwingine anakuja na hukumu kabisa, kwamba watu wale ni wavivu, nchi ina hela yote ile wao wamekaa barazani. Na shangazi yangu jana, tena mbele ya mume wangu, bahati nzuri Kiswahili cha haraka kinampita: "Mwanangu, umevuka bahari yote ile kwenda kuolewa kijijini?" Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Lakini nikasema hapana, hili nitalijibu, maana wale watu nawajua, nawahudumia, nakula kwao.

Kwa asiyejua, West Virginia ni jimbo lililolala lote kwenye milima ya Appalachia, mashariki ya Marekani. Sisi tunakaa Beckley, mjini mjini kidogo. Kwao mume wangu ni kaunti ya McDowell, kusini kabisa, mpakani na Virginia. Kule bonde ni jembamba mpaka barabara, mto na reli vinagombania nafasi, na nyumba zimejibana ubavuni mwa mlima. Jua linachelewa kuwafikia asubuhi, na jioni linawahi kuwaacha. Tambarare haipo ya kuchezea, kwa hiyo makaburi ya ukoo yako juu mlimani. Siku ya msiba vijana wanapanda na jeneza mabegani, nyie mnafuata nyuma mnahema.

Na mume wangu ni mweusi. Najua, najua. Wengi mkisikia milima na makaa mnamuona mzungu mwenye ndevu. Babu wa baba mkwe alitoka Alabama. Kampuni za makaa zilikuwa zinatuma mawakala majimbo ya Kusini kutafuta vijana wenye nguvu, wanawakatia nauli ya treni, halafu nauli inakuja kukatwa kwenye malipo. Kule Alabama mtu mweusi alikuwa analima shamba la mwenzake, msimu ukiisha anabaki na deni, na kura wamemfungia. West Virginia kura alikuwa anapiga, na mgodini alilipwa kwa tani, tani yake na ya mzungu bei moja. Nisiwapambie: makazi yalitengwa, weusi huku, Waitaliano na Wahungaria kule, wazungu wenyeji kwao, na shule za weusi peke yake. Lakini kwa mtu aliyetoka shambani Alabama, kura na tani vilitosha kumpandisha treni.

Wakajenga maisha pale. Ukifika Kimball, mji mdogo hapo hapo McDowell, kuna jengo kubwa la nguzo, la mwaka 1928, lililojengwa kuwakumbuka askari weusi waliopigana Vita Kuu ya Kwanza. Linatajwa kuwa la kwanza la aina yake Marekani nzima. Na Carter G. Woodson, yule msomi aliyeanzisha wiki ya historia ya watu weusi mwaka 1926, ambayo leo ni mwezi mzima, alichimba makaa kaunti ya Fayette kabla hajapata nafasi ya kusoma sekondari. Huyo naye mvivu?

Sasa subirini niwaonyeshe kitu. Mama mkwe alinipa nimletee mama. Ngoja nisogeze kamera. Mnaiona? Ukubwa kama shilingi mia yetu, rangi ya shaba, katikati imetobolewa. Jina la kampuni nalifunika na kidole, sitaki kesi. Mama aliigeuza, akaigeuza tena, akaigonga juu ya meza asikie mlio wake, halafu akaniuliza: "Hii ukiipata unanunulia wapi?"

Nikamwambia mama, umeuliza swali lenyewe. Ilikuwa inanunua duka moja tu, duka la kampuni. Hii ndiyo hela waliyokuwa wanapewa wachimbaji. Nyumba ya kampuni, duka la kampuni, daktari wa kampuni, kanisa pengine nalo limejengwa na kampuni. Kabla hujashika chochote wamekata kodi ya nyumba, wamekata daktari, wamekata baruti ulizolipulia mwamba, hata kunolewa sululu wanakata. Unga na mafuta unachukua dukani kwao kwa bei yao. Ukitaka kubadilisha hiki kidude upate dola ya kweli, unapunjwa. Na ukigoma, nyumba si yako, vyombo nje, hata kama theluji inaanguka.

Mama akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe walikuwa manamba." Wazee wa mikoa ya kusini mnajua alikuwa anawazia nini: wale vibarua waliochukuliwa kwa mkataba kwenda kukata mkonge. Mashamba ya mkonge Tanga na Morogoro yamekula baba zetu wengi.

Basi wakagoma. Chama cha wachimbaji, UMWA, kilianzishwa mwaka 1890, lakini kusini mwa West Virginia kampuni hazikutaka hata kulisikia jina lake. Mei 1920, kwenye mji wa Matewan, wapelelezi wa kukodiwa walikuja kutoa familia za wachimbaji kwenye nyumba. Mkuu wa polisi wa mji, Sid Hatfield, akasimama na wachimbaji, risasi zikalia, watu kumi wakafa. Mwaka uliofuata Hatfield naye akauawa kwa risasi kwenye ngazi za mahakama ya Welch, mchana kweupe, mke wake akiwa pembeni yake. Welch ndiyo makao makuu ya McDowell, ngazi hizo nimezipanda mwenyewe. Wachimbaji walipopata habari wakakusanyika, kama elfu kumi hivi, weusi, wazungu na wahamiaji pamoja, vitambaa vyekundu shingoni, wakaelekea mlima Blair. Wakapigana siku kadhaa na jeshi la sherifu wa kaunti ya Logan, mpaka serikali kuu ikaleta wanajeshi. Mume wangu anasema shuleni hakufundishwa hata sentensi moja ya hayo. Alihadithiwa na bibi yake huku wanamenya maharage.

Na maharage, jamani, kabla sijasahau: chakula chao ni maharage na mkate wa unga wa mahindi. Mume wangu kaja hapa kawekewa ugali maharage, kala kwa amani, mama anajiuliza mzungu mweusi huyu kakulia wapi. (Mama ndivyo anavyomwita, tumeshamkatalia, hasikii.)

Turudi kwenye umaskini. Mashine zilipoingia kwa wingi baada ya Vita ya Pili, mashine moja ikafanya kazi ya kundi la watu. Makaa yakaendelea kutoka, watu hawakuhitajika. Mwaka 1950 McDowell ilikuwa na watu karibu 99,000. Sensa ya 2020 imekuta kama 19,000. Wengine walikwenda Cleveland, wengine Detroit. Na Mei 1961, miezi michache kabla sisi hatujapata Uhuru, Rais Kennedy alipoanzisha majaribio ya kuponi za chakula, familia ya kwanza kabisa kupewa ilitoka kaunti hiyo hiyo ya McDowell. Wazazi na watoto kumi na watatu, baba hana kazi, wakapata kuponi za dola 95. Makaa ya milima ile ndiyo yaliyoyeyusha chuma cha reli na meli za vita, na watu wa juu yake ndio waliokuwa wa kwanza kupangwa foleni ya chakula. Kwa hiyo ukiniandikia "wavivu", nakusoma tu.

Baba mkwe mwenyewe alianza mgodini alipomaliza shule. Tabaka la makaa alilochimba lilikuwa fupi, mtu hasimami; zamu nzima ni magoti na kiwiko. Mpaka leo magoti yake yana ngozi ngumu, nyeusi, inayong'aa. Sasa hivi anatembea na mtungi wa oksijeni, mpira puani, anatoka sebuleni mpaka barazani halafu anapumzika kabla ya kukaa. Vumbi limejaa kwenye mapafu. Mwaka 1968 mgodi wa Farmington ulilipuka ukaua wachimbaji 78, na mwaka uliofuata wachimbaji wa West Virginia wakagoma kudai mapafu yao yahesabike kuwa ni ugonjwa wa kazi, ndipo Marekani ikatunga sheria ya usalama wa migodi ya makaa, na fidia ya mapafu ndani yake. Watu wakadhani yamekwisha. Hayajaisha. Tabaka nene zimemalizika, sasa mashine zinakata mwamba mwingi kufuata makaa kidogo, na vumbi la mwamba ni baya kuliko la makaa. Watafiti wa serikali yao walitoa taarifa mwaka 2018: katika eneo hilo, mchimbaji mmoja kati ya watano waliofanya kazi miaka 25 na kuendelea ana huo ugonjwa. Mimi nafanya kazi ya uuguzi. Nawaona vijana wa umri wangu wanakohoa vitu vyeusi.

Lakini ukimwambia baba mkwe aseme vibaya mgodi, humpati. Atakwambia kuhusu wenzake wa zamu, nani alikuwa mtani wake, nani alimvuta mguu paa lilipoanguka. Hilo mimi sijalielewa vizuri, na nimeacha kubishana naye.

Sasa sikieni kilichotokea juzi hapa barazani. Mama kamuuliza mume wangu, mimi nikitafsiri: "Mkwe, ukoo wenu ni akina nani?" Nikajua atasema jina la baba na babu basi. Weee! Alianza na yule wa Alabama, akashuka mmoja mmoja, nani aliolewa kambi gani, nani alihamia Ohio, nani kazikwa mlima upi. Kwao kila kiangazi ukoo unarudi McDowell kutoka kila kona, na wanavaa sare kabisa, ila yao ni fulana zenye jina la ukoo mgongoni. Mama akaita na shangazi aje asikilize. Shangazi yule yule.

Na mama akamjibu kwa kwetu. Baba yangu, Mungu amrehemu, ni Mmatengo wa Mbinga. Kule nako milima, watu wanalima ngoro, yale mashimo ya ubavuni yanayozuia udongo usishuke na mvua, na kahawa. Mgongo mmoja wa mlima kati ya vijito viwili, ntambo, ni wa ukoo mmoja. Mume wangu akasema basi ni kwao kabisa. Halafu mama, kama mtu anayekumbuka chumvi, akaongeza: "Na makaa sisi tunayo. Malori yanapita usiku na mchana."

Ni kweli. Ngaka, wilaya ya Mbinga, makaa yanachimbwa, na tangu vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022 na Ulaya ikaanza kuhangaikia nishati, malori yamezidi, Songea, Tunduru, Masasi, mpaka bandari ya Mtwara. Ajira zipo, mama ntilie wa njiani wanauza. Sisemi vibaya.

Mume wangu aliuliza swali moja tu: karatasi anayo nani? Kwa sababu Appalachia yote ilianzia kwenye karatasi. Mwishoni mwa karne ya 19 mawakala walipita nyumba kwa nyumba kununua haki ya kilicho chini ya ardhi, mahali pengine nusu dola kwa ekari, na asiyejua kusoma akaweka alama ya X. Shamba likabaki lako, lima, jenga, zika. Miaka ikapita, wajukuu wakakuta tingatinga kwenye bustani, na kule Kentucky karatasi ya babu ilimruhusu mwenye makaa kupindua juu ili apate cha chini. Ilibidi wapiga kura wabadilishe katiba ya jimbo mwaka 1988 kuwabana.

Kwetu ni tofauti, madini ni ya nchi, huwezi kuyauza hata ukitaka. Lakini shamba la juu likihitajika unalipwa fidia, na hapo ndipo unaulizwa: lako kwa ushahidi gani? Baba mdogo ana kahawa zake, ana ngoro zake, ana makaburi ya wazazi wake. Karatasi hana. Anasema kila mtu kijijini anajua ni pake. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatoa hati ya hakimiliki ya kimila, ipo, watu hawaifuatilii.

Kwa hiyo wiki ijayo tunapanda basi Mbezi kwenda Songea, halafu Mbinga. Mume wangu kashaanza kuuliza baridi ya huko ikoje, nimemwambia abebe sweta. Nyie mliopata hati ya kimila Mbinga, au Ludewa, Kyela, popote, niandikieni hapo chini mlianzia wapi, kijijini au wilayani, na mlitakiwa kuja na nini. Baba mdogo ni mbishi, nataka nifike na majibu. Shangazi ananiita huko, chakula tayari. Tuonane Mbinga.