Kabla Hujalipia Mafunzo ya Udula

Asanteni. Sitaeleza kwa kirefu dula ni nani, yule anayemsindikiza mama wakati wa uzazi bila kuwa mkunga; msingekuja hapa kama hamjui. Nianze na swali ninaloulizwa kila wiki: "Nichukue cheti cha nani?" Na kila wiki nauliza nami: katika mafunzo hayo, nani ataitazama mikono yako ikifanya kazi?

Mama wa kwanza niliyemsindikiza, nilikuwa nimetoka kwenye kozi ya siku mbili. Cheti ninacho, kimegongwa muhuri. Mtoto alikuwa amelala kisogo kikiwa upande wa mgongo wa mama, na uchungu wote ukawa mgongoni. Kozini tuliandika daftarini: "Kandamiza mgongo wa chini." Basi nikakandamiza, kwa ncha za vidole, juu kabisa kiunoni, nikisugua huku na huku. Mama akanisukuma mkono: "Usiniguse!" Nilikuwa namwongezea maumivu juu ya maumivu.

Mkunga wa zamu akaja. Hakusema neno. Akaushika mkono wangu, akaushusha mpaka kwenye ule mfupa bapa ulio juu kidogo tu ya mkia, akakiweka kitako cha kiganja changu pale. Akanisogeza mguu mmoja nyuma ili niegemee kwa uzito wa mwili mzima, nisitegemee nguvu za mkono. Uchungu ukipanda, naegemea. Ukitulia, naachia. Mara ya tatu mama akasema, "Hapo hapo, usitoke." Sikutoka kwa muda wa saa nne.

Mkunga yule alinifundisha kwa dakika isiyotimia. Ada nilikuwa nimemlipa mtu mwingine, na aliyeumia wakati mimi najifunza ni mama wa watu. Ndiyo maana silegezi hapa. Mafunzo ambayo hayakupi mtu mzoefu wa kukusahihisha ukiwa kazini, au angalau wa kupokea simu yako usiku wa manane mama anapokwama, msilipie. Hata kama yana jina kubwa.

Najua yupo atakayesema: mbona utafiti wa Guatemala ulitumia wanawake ambao hawakusomea chochote? Kweli kabisa. Watafiti kina Kennell na Klaus walichapisha matokeo yale mwaka 1980. Mama waliokuwa peke yao leba walilinganishwa na mama waliowekewa mwanamke wa kukaa nao, asiyekuwa mkunga wala ndugu yao. Kwa waliojifungua bila matatizo, tangu kupokelewa hadi kujifungua ilichukua wastani wa saa 19.3 kwa waliokuwa peke yao, na saa 8.8 kwa waliokuwa na mtu. Lilikuwa kundi dogo, lakini uchambuzi wa 2017 wa Cochrane, mtandao unaojumlisha tafiti za afya, wenye majaribio 26 na wanawake zaidi ya 15,000, umeelekea huko huko: mama aliye na mtu wa kukaa naye mfululizo ana nafasi kubwa zaidi ya kujifungua kwa njia ya kawaida, na upasuaji unapungua.

Sasa lisikieni neno hilo: mfululizo. Kilichowasaidia wale mama ni mtu kukaa. Na kukaa kunafundishwa: kunyamaza mama anapotaka kimya, kuiweka simu mbali, kula na kulala mapema kwa kuwa huenda ukasimama usiku kucha, kujua lini umechoka kiasi cha kumwita mwenzako akupokee. Hayo huyapati kwenye slaidi. Kwa hiyo anayenitajia Guatemala kunipinga ananiunga mkono.

Jambo la pili: msichanganye cheti cha kuhudhuria na ithibati, yaani uthibitisho kwamba kazi unaiweza. Nchi nyingi hazina leseni ya serikali kwa dula, kwa hiyo yeyote anaweza kuanzisha chuo chake na kuchapa vyeti vyake. Tazameni ithibati inatolewa lini. DONA International, shirika la madula lililoanzishwa mwaka 1992, haliitoi siku semina inapokwisha. Unahudhuria uzazi kwanza, na wazazi uliowasindikiza pamoja na wahudumu waliokuona wanaandika tathmini. Utaratibu wa namna hiyo ndio wa kutafuta, kwa jina lolote. Ukiambiwa unamaliza video leo, kesho wewe ni dula kamili, ondoka.

Sisemi mtandaoni hakufai. Hatua za uchungu, homoni, istilahi za wodini, someni hata kitandani. Mikono peke yake ndiyo haisomeki kwenye skrini.

Naona naonyeshwa saa. Haraka basi. Ulizeni mafunzo yanasemaje kuhusu mipaka: dula hapimi njia ya uzazi imefunguka kiasi gani, hasikilizi mapigo ya moyo wa mtoto, haamui badala ya mama. Wakiwaambia vingine, hatari. Ulizeni kama wanafundisha kukaa na mama ambaye mtoto wake amezaliwa mfu, maana wengi wanaliruka, nanyi mtakutana nalo. Ulizeni gharama zinazofuata baada ya ada: uanachama, vitabu, kuhuisha ithibati kila baada ya miaka kadhaa. Na nendeni hospitali mnayokusudia kufanyia kazi, mwulizeni mkuu wa wodi ya wazazi kama dula anaingia leba na kwa masharti gani. Nilikuwa na la kusema juu ya mikataba, nalo libaki.

Viti visogezwe pembeni. Simameni wawili wawili, mmoja ainame ashike meza. Mwenzake atafute ule mfupa bapa, aweke kitako cha kiganja, mguu mmoja nyuma. Vidole vilegezwe. Mimi nitapita kwa kila mmoja, nimtazame mkono.