Kubadili Herufi Kubwa na Ndogo Ndani ya Hifadhidata

Ndugu wasikilizaji, katika ASCII, yaani jedwali la zamani linalozipa herufi za Kiingereza namba, herufi A ni 65 na a ni 97, na tofauti hiyo ya 32 ndiyo iliyowazoesha wengi wetu kudhani kwamba kugeuza herufi kubwa kuwa ndogo ni kujumlisha tu. Hesabu hiyo inafaa mradi kila herufi inakaa katika baiti moja, yaani kipande kimoja cha kumbukumbu cha biti nane. Tazameni usimbaji (kanuni ya kuandika herufi kwa baiti) wa Kijapani uitwao Shift_JIS, ambamo herufi ア huandikwa kwa baiti mbili, 83 na 41 kwa heksadesimali (hesabu ya msingi wa 16), na 41 hiyo, ambayo ni 65 ya kawaida, ndiyo A ya ASCII. Programu inayopitia baiti mojamoja huigeuza kuwa 61, yaani a, na ア inakuwa ヂ bila kosa lolote kuripotiwa. Si ajabu kwamba PostgreSQL, programu ya hifadhidata, hukubali usimbaji huo kwa mteja tu (programu inayoiomba data), wala si ndani ya seva inayoihifadhi.

UTF-8, usimbaji unaobeba herufi za lugha zote, imeepuka mtego huo, kwa kuwa baiti zote za herufi zisizo za ASCII huanzia 80 ya heksadesimali. Lakini kanuni ya Latin-1, usimbaji wa baiti moja kwa herufi za Ulaya Magharibi, ikitumika juu ya É, yaani C3 89, baiti ya kwanza hugeuka E3, ambayo hudai herufi ya baiti tatu, na mfuatano unakuwa batili. Hatuna budi kuzisoma baiti hadi zitoe herufi kamili, kuibadili herufi hiyo, kisha kuisimba upya. Wala nafasi ya matokeo isipimwe kwa urefu wa mwanzo, maana ȿ yenye baiti 2 huzaa Ɀ... la, niseme sawasawa, huzaa Ȿ yenye baiti 3.

Lugha nayo ina neno lake. Kwa Kituruki herufi ndogo ya I ni ı isiyo na nukta, kwa hiyo lower() ileile, yaani amri ya hifadhidata ya kugeuza herufi kuwa ndogo, hutoa majibu mawili kulingana na mpangilio wa lugha uliowekwa. Chini ya mpangilio uitwao C, usiofuata lugha yoyote, PostgreSQL hugusa herufi za ASCII pekee, kama SQLite, hifadhidata nyingine, ifanyavyo kwa kawaida yake. Linalonitia hofu zaidi ni faharasa, orodha ya kuharakisha utafutaji, iliyojengwa juu ya lower(jina): maktaba ya mfumo endeshi ikibadili kanuni zake, baadhi ya safu mlalo zilizomo huenda zisipatikane tena hadi faharasa ijengwe upya. Ndiyo maana toleo la 17 la PostgreSQL, la mwaka 2024, lilileta kanuni zilizojengewa ndani, zisizotegemea maktaba hiyo.