Makaa ya Mawe, Muhoroni na Stima ya Saa Mbili Usiku

Wazee wetu, akina mama, vijana wa jua kali mliofunga karakana mapema mje kunisikiliza, hamjambo. Ahsanteni kwa kufika.

Nimeombwa nizungumzie nafasi ya mtambo wa makaa ya mawe wakati huu ambapo dunia inahamia nishati safi. Najua kuna atakayeuliza: sisi wa Kisumu yanatuhusu nini, ilhali gridi ya Kenya, yaani mtandao wa nyaya za stima nchini, haina hata mtambo mmoja wa makaa ya mawe? Ulikusudiwa mmoja, kule Lamu, wa megawati 1,050. Tarehe 26 Juni 2019 jopo la kitaifa la rufaa za mazingira likafuta leseni yake, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kuhusu moshi, samaki na mji mkongwe mengi yalisemwa, na yalistahili kusemwa. Mimi leo naulizia kazi yenyewe. Mtambo kama ule huifanyia gridi nini hasa?

Hufanya kazi mbili. Ya kwanza mnaijua: unachoma makaa, maji yanachemka, mvuke unazungusha mashine, stima inatoka. Kazi hiyo ina warithi wengi siku hizi. Mwaka 2012 Waingereza walikuwa wakipata karibu asilimia 40 ya stima yao kwa makaa ya mawe. Tarehe 30 Septemba 2024 wakazima mtambo wao wa mwisho, Ratcliffe-on-Soar. Hao ndio waliofungua kituo cha stima ya makaa cha Holborn Viaduct jijini London mwaka 1882, kwa hiyo hakuna atakayesema hawakuyajua makaa.

Kazi ya pili haionekani, na hiyo ndiyo iliyonileta hapa. Stima yetu huenda kwa mizunguko 50 kila sekunde. Mzigo ukizidi uzalishaji, mizunguko inapungua. Ikipungua mno, mitambo inajizima moja baada ya nyingine ili isiharibike. Kinachonunua muda hapo ni uzito wa mashine zinazozunguka. Mmeona baiskeli ya boda iliyobeba gunia la mahindi: dereva akiacha kukanyaga pedali, bado inasonga. Mashine ya mvuke yenye uzito wa mamia ya tani iko vivyo hivyo. Sola haina gunia hilo. Tena sola hutuaga jioni, na sisi Wakenya tunahitaji stima nyingi zaidi kati ya saa moja na saa tatu usiku, wakati wa ugali, televisheni na taa zote.

Tarehe 25 Agosti 2023 gridi ilianguka, karibu nchi nzima ikawa giza, uwanja wa ndege wa JKIA nao ukiwemo. Wakubwa wakabishana hadharani ni nani aliyeanza. Mimi sina haja na ubishi huo. Gridi changa huanguka kipande kikubwa kikiondoka ghafla, hata kipande hicho kiwe cha nishati gani. Sasa rudini Lamu. Mitambo mitatu ya megawati 350 kila mmoja, katika nchi ambayo mwaka 2019, leseni ilipofutwa, mahitaji yake ya juu kabisa yalikuwa hayajafika megawati 2,000. Mmoja ukikohoa tu, sote gizani. Mtambo uliouzwa kama nguzo ungekuwa ndio hatari yenyewe. Na mikataba ya namna ile humlipa mwenye mtambo hata mashine zikiwa zimelala. Mwenye kununua tokeni za stima ndiye hulipa.

Sisi gunia letu liko Nakuru. Olkaria imetoa stima ya jotoardhi, yaani ya mvuke wa chini ya ardhi, tangu 1981, na leo jotoardhi ndiyo chanzo chetu kikubwa kuliko vyote. Ile ni mashine ya mvuke kama ya makaa, nayo ina uzito unaozunguka, ila haina tanuri. Usiku wa manane, watu wakilala, mvuke mwingine huachiliwa hewani kwa kukosa mnunuzi.

Basi mbona huku magharibi taa zinafifia saa mbili usiku?

Tazameni Muhoroni, hapo karibu tu. Kuna mitambo ya KenGen, kampuni ya kuzalisha stima, ya megawati 60 inayochoma mafuta ya taa. Ni ghali, na inachafua. Imeendelea kuwashwa kwa sababu stima ya Olkaria husafiri mbali kupitia kituo cha nyaya cha Lessos, na njia ndefu iliyolemewa huishusha volteji, yaani msukumo wa stima, kabla haijatufikia. Muhoroni inaisukuma ipande. Hayo ndiyo makaa ya mawe yetu, ndugu zangu. Mtambo mchafu ukibaki, mara nyingi nyaya ndizo zilizoubakiza. Laini ya Olkaria, Lessos hadi Kisumu ilijengwa kwa ajili hii, na mimi ningetaka tuiongezee betri mjini hapa, zijazwe usiku wa manane kwa mvuke ule unaopotea.

Kuna wanaosema zima leo. Hao nawapeleka Komati, Afrika Kusini. Kituo hicho cha makaa cha Eskom, kampuni ya stima ya nchi hiyo, kilifunguliwa 1961, kikazimwa Oktoba 2022. Sola na betri vilipangwa, lakini tanuri lilizimwa kabla havijasimama. Wafanyakazi wa Eskom walipewa nafasi kwingine. Vibarua wa wakandarasi na wenye vibanda wakabaki wakitazamana. Baadaye nchi hiyo ikaahirisha kufunga vituo vya Camden, Grootvlei na Hendrina hadi 2030. Siwalaumu.

Kwa Muhoroni ningependa njia nyingine. Jenereta ikitenganishwa na injini inayochoma mafuta, inaweza kuendelea kuzunguka kwa stima kidogo ya gridi, ikishikilia volteji bila moshi. Uingereza wanatumia mashine za namna hiyo. Mitambo ya Muhoroni ikistaafu, kabla vyuma havijauzwa kwa mzani kama chuma chakavu, mafundi waulizwe kwanza kama jenereta zile zinafaa, na wanaozihudumia leo wabaki nazo.