Dungusi Limefunga, Msilinyweshe Mchana

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Nimeambiwa nina dakika arobaini, na adhana ya Laasiri isinikute hapa juu. Nitashuka. Ila waliowahi kunisikia, nao nawaona hapo safu ya pili wameshaanza kuchekeana, wanajua kwamba mie nikilishika suala la maji ya dungusi siliachii kwa wepesi. Nimekuwa bwana shamba mpaka nimestaafu. Mikarafuu nimeihangaikia miaka na miaka na hakuna aliyenigombesha kwa mikarafuu. Ugomvi wangu wote wa mtaani unatokana na dungusi.

Jina lisitupotezee wakati. Wazee wanasema dungusi kakati, lile la bapa wanaliita mpungate, vijana wanasema kaktasi. Mtakavyo. Ila mshubiri si dungusi, na mnyaa, ule wenye utomvu mweupe wa kupofua macho, ni ukoo mwengine kabisa. Asitokee mtu akaniambia "mnyaa wangu unamwagiwa kila siku na hauna neno." Mnyaa wako haukualikwa leo.

Sasa tumo mwishoni mwa kaskazi. Upepo umelegea, tanga mbili, majira ya kubadilika pepo, iko mlangoni, mtu akilala shuka linarowa. Wiki hizi ndizo zinazoua madungusi yetu. Wala hayafi kwa kiu! Nalisema hili mwaka wa kumi na moja, watu wananitikia kwa kichwa, kisha wanarudi nyumbani wanachukua kata. Yanakufa kwa kuonewa huruma.

Nitawapa kisa cha Shangazi. Waliokwishakisikia wakisikie tena.

Shangazi yangu anakaa Wete, hapa hapa Pemba. Mwanawe alimletea dungusi kutoka Dar es Salaam, lile la mviringo lenye miba ya rangi ya dhahabu, kubwa kama dafu. Kijana kalipakata ndani ya boti usiku kucha, kalizungushia magazeti na kanga mbili, na bado suruali ilitoboka. Shangazi akaliweka pembeni ya baraza, juu ya ukingo, pahala asipopita mtu na kata. Likakaa pale miaka minne. Likanenepa. Wageni wakawa wanaulizia dungusi kabla ya kuuliza hali za watu.

Mwaka wa tano wakajenga pahala pa kutilia udhu, uani, pakasakafiwa vizuri, na dungusi likahamishiwa pale ili lipambe. Sasa fanyeni hesabu pamoja nami. Nyumba ina watu saba wanaosali. Kila anayemaliza kutawadha, kopo limebaki na maji kidogo. Kuyamwaga chini ni israfu. Mbele yake pana mmea, jua linauwakia, maskini ya Mungu, miba mitupu. Basi, tii, kidogo tu. Watu saba, sala tano: mara thelathini na tano kwa siku. Na hakuna hata mmoja aliyelimwagilia! Ukimuuliza yeyote anaapa, "Mie? Nimetia tone tu."

Nikapigiwa simu. "Dungusi limenywea, njoo na dawa." Njiani nilishajua. Nikafika, nikachutama, nikalibonyeza kwa dole gumba pale chini, kwenye shingo, linapoingia udongoni. Dole likazama. Likatoka na majimaji ya rangi ya chai, harufu ya tui lililolala. Juu bado kijani, miba inang'ara, ukilipiga picha utaitundika ukutani. Nikalishika kwa gunia na kulinyanyua. Likaja lote bila ya kuvuta, kama mtu anavyovua kofia. Chini hapakuwa na mzizi hata mmoja.

Nikamueleza Shangazi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, kisha akaniuliza: "Sasa baba, maji ya udhu niyamwage wapi?"

Siku ile nilikosa jibu. Leo ninalo. Mwagieni mwasmini. Mwagieni mrehani, mwagieni mkomamanga. Hiyo inakunywa kila siku na kesho yake inadai tena. Tatizo letu ni kwamba kata ni moja na mkono ni mmoja: mtu anaanza na mwasmini, anakwenda mrehani, na dungusi liko kwenye msafara huo huo.

Mtego mwengine umo katika neno lile la simu, "limenywea." Dungusi lenye kiu linanywea. Dungusi lililooza mizizi nalo linanywea, kwa sababu halina cha kunywea. Mtu anaona mikunjo, anatia maji, mikunjo inazidi, anaongeza maji. Kwa hivyo kabla ya kushika kata, shika shingo. Lenye kiu limekunjana mbavu lakini chini ni gumu kama mbao. Lililooza, chini linabonyea, au limepiga rangi ya kahawia.

Sasa kwa nini joto na maji vikutane viue, ilhali sisi joto na maji ndiyo raha yetu? Nitaeleza kwa lugha ya mwezi wa Ramadhani, maana ndiyo mnayoielewa haraka.

Dungusi linafunga. Mwembe au mwasmini unafungua vitundu vyake vya kupumulia mchana, unavuta hewa ya ukaa, na kwa vitundu hivyo hivyo unapoteza maji. Dungusi halikubali hasara hiyo. Mchana limefunga mdomo kabisa. Likishaona jua limekuchwa, joto limeshuka, ndipo linapofungua, linavuta hewa yake, na kuiweka akiba mwilini kwa sura ya tindikali, ile ile inayolitia tufaha bichi uchachu. Kukicha linafunga tena, na kwa mwangaza wa jua linaitumia akiba ile kutengeneza chakula. Meksiko wanakula mpungate kama mboga, na uliokatwa alfajiri ni mchachu kuliko uliokatwa jioni. Akiba ya usiku hiyo! Mwanzoni mwa karne ya 19, huko Bara Hindi, mtaalamu wa mimea Benjamin Heyne aliligundua jambo hilo kwa ulimi, kwa kutafuna majani ya mmea mwengine wenye tabia hii asubuhi na tena jioni. Nyie msitafune kila mnachokiona uani, mingine ina sumu.

Sasa mtu amefunga, saa saba mchana, unamshika kichwa unamtia bilauri ya maji kinywani. Mdomo kaufumba. Maji yatakwenda wapi? Yatabaki ndani ya chungu. Na chungu kile, khasa cha plastiki nyeusi juu ya sakafu ya saruji, kimeshika moto. Weka mkono ubavuni mwake saa nane uone kama utauacha hapo. Udongo uliorowa ukapata moto unapungukiwa na hewa, mizizi inakosa pumzi, na kuvu waliokuwa wamelala wanaamka. Umepika mchemsho.

Najua kuna mtu ananiuliza moyoni: mbona jangwani jua ni kali kuliko Chake Chake? Swali zuri na ndilo linalowaponza watu. Jangwani mchana ni tanuri, lakini usiku baridi inaingia, na hewa ni kavu. Sisi mchana ni nyuzi 32 au 33, na usiku wa kaskazi joto halitaki kushuka chini ya 25, na hewa yenyewe kama imetoka birikani. Usiku ukiwa wa moto namna hiyo, madungusi mengi hayafungui vizuri hata huo usiku. Yanapunguza kazi, yanakaa. Mmea usiofanya kazi haunywi sana. Kwa hivyo siku ile unayojipepea kwa kipepeo na kusema "leo joto limezidi, dungusi langu litakufa," siku hiyo ndiyo ya kuliacha.

Mwengine atasema, nimesoma kwamba majira ya joto mwagilia kila wiki. Kitabu kimeandikwa wapi? Ulaya! Majira yao ya joto ni mwezi wa sita, wa saba, wa nane. Kwetu hapo ni kipupwe. Ukifuata miezi ya kitabu utamwagilia kwa kalenda ya mtu mwengine. Na wiki yenyewe ni wiki ya chungu gani? Cha udongo kinachovuja jasho, kimekaa upenuni kinapigwa na upepo, kinakauka siku nne. Cha plastiki sebuleni hata wiki mbili hakijakauka. Wiki haiwajui wote wawili.

Basi jibu langu ni kijiti cha mishkaki. Hichi hapa, nimekuja nacho. Kioshe, kichomeke pembeni ya chungu mpaka chini kabisa, kiache kama muda wa kunywa kikombe cha kahawa, kichomoe. Kikija na udongo umekiganda, au kina ubaridi ukikigusisha shavuni, rudisha kata jikoni. Kikija kikavu mpaka ncha, ngojea siku mbili tatu nyengine, kisha mwagilia. Ndiyo, kikija kikavu, ngojea bado. Msinikunjie nyuso. Halitakufa kwa siku tatu. Shangazi yangu alilisahau lile la kwanza mwezi mzima alipokwenda kuuguza Unguja, akalikuta vile vile.

Na ukimwagilia, mwagilia khasa. Hapa watu wananishangaa, wanadhani nimekuja kukataza maji. Mimi nakataza matone. Baada ya Magharibi, chungu kimepoa, tia maji polepole kwenye udongo mpaka yatoke tunduni chini, ngojea kidogo, tia tena. Kisha usiliguse mpaka kijiti kikauke. Tone la kila siku linarowesha juu tu, penye shingo, na shingo ndiyo inayooza. Usilioshe kichwa, maji yakilala kwenye kitovu cha juu usiku kucha nako kunaoza. Wako wenzangu wanaopendelea alfajiri, kabla jua halijapiga. Sigombani nao. Nitakayegombana naye ni yule anayemwagilia saa saba mchana.

Lile dungusi la dhahabu, maana nimelikumbuka, kwao Meksiko, upande wa Querétaro na Hidalgo, karibu litoweke porini. Ninyi mtadhani ukame. Katika miaka ya 1990 walijenga bwawa la Zimapán na maji yakafunika bonde madungusi hayo yalimokuwa yakiota. Hata kwao limeuawa na maji! Shangazi nilipomwambia hivyo akasema, "Basi na wao wanatawadha."

Naona mwenyekiti ananionesha saa. Haya, kwa haraka.

Maji ya tangi jeusi lililoko juu ya paa, na ule mpira uliolala juani, maji ya mwanzo yanaunguza. Yaacheni yapoe ndooni. Maji ya kisima chenye chumvi yanaacha weupe juu ya udongo. Ukiuona, tumieni ya mvua, mnakingia madebe mengi tu. Mchanga wa pwani msiutie mpaka uoshwe na uoshwe tena. Kinamo peke yake hapana, kinashika maji kama tope la mpunga. Changanya na kokoto ndogo na kichanga. Masika ikiingia, ingizeni vyungu chini ya paa. Hapa hatuna uhaba wa mvua, na mvua haichomeki kijiti kabla ya kunyesha. Kisahani cha chini kisikae na maji, hapo mnafuga na mbu.

Madungusi ya msituni, yale ya kuning'inia, na pitaya, dungusi la kutambaa lenye tunda la kuliwa, hayo yanakunywa zaidi, hayamo katika hukumu hii. Na lile jekundu kama kitufe lililopandikizwa juu ya shina la kijani, shina lake ni la ukoo wa pitaya, kwa hivyo... hilo tuliache, nitachukuliwa hapa kwa nguvu. Mbolea nilikuwa nimeiandika, nayo nimeiruka.

Adhana ile. Basi kitu kimoja tu kabla hatujatoka. Pale dirishani pana dungusi ndani ya kopo la maziwa ya unga. Nimelitazama tangu nilipoanza, na mama aliyekuja nalo alilimwagia kutoka kwenye chupa yake nilipokuwa kwenye habari za Heyne, nilikuona mama, usiinamishe kichwa. Kopo lile halina tundu. Mwalimu mkuu, skuli hii haikosi msumari na jiwe. Nileteeni. Wengine tangulieni msikitini, mama yeye asubiri mlangoni na kopo lake.